Alfajiri, Sabato au mafungo: lipi pumziko lako?

Usiku mmoja wa Novemba, mwaka juzi, nilikuwa nashona sare za kwaya yetu hapa Moshi. Blauzi 28, kitambaa cha bluu kinachoteleza mkononi, na zilitakiwa zivaliwe Jumapili. Kama saa saba hivi nikainua blauzi niliyokuwa nimeimaliza, nikakuta mkono wa kulia umekaa kushoto na wa kushoto umekaa kulia. Nikafumua, nikashona upya, nikakosea vilevile. Simu ilikuwa pembeni ya cherehani na kundi la kamati ya harusi lilikuwa bado linaingiza ujumbe usiku ule. Nikazima taa ya mashine nikalia. Blauzi haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba tangu mwezi wa nane sikuwa nimesali hata sala moja ya peke yangu. Nilikuwa nimeomba kwenye mazoezi, nimefungua vikao kwa sala, nimeomba misibani na kwenye jumuiya. Mimi na Mungu wangu, wawili tu, hapana.

Tangu usiku ule nimezijaribu njia tatu ambazo Wakristo wa huku kwetu huzitumia kupumzika mbele za Mungu: saa ya faragha alfajiri, siku moja nzima kila juma, na mafungo ya siku mbili tatu mahali pa kimya. Wanawake wenzangu, na wanaume wachache, huniuliza ipi nzuri. Nazilinganisha hapa kama nilivyoziishi. Ila nawaomba mnivumilie nianze na ile ambayo wengi huiweka kwenye orodha, nami naitoa.

Mkesha si pumziko

Mtu akisema amechoka rohoni, ushauri wa kwanza atakaopewa ni aingie kwenye maombi: afunge siku tatu, aje mkesha wa Ijumaa. Naipenda mikesha, na kuna mambo ya maisha yangu yaliyofunguka usiku, tukiwa tumesimama tunaomba. Lakini mwili uliochoka ukiunyima usingizi na chakula, unauongezea deni.

Someni tena 1 Wafalme 19, taratibu. Nabii Eliya ametoka kwenye ushindi mkubwa wa mlima Karmeli, malkia Yezebeli ameapa kumuua, naye amekimbia mwendo wa siku moja jangwani, ameketi chini ya mretemu na kuomba afe. Mungu hakumpa mahubiri. Aliachwa alale. Malaika akamgusa, akamwambia ainuke ale, na palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kilekile, akimwambia safari ni kubwa mno kwake. Baada ya kulala mara mbili na kula mara mbili ndipo anatembea kwenda Horebu, na huko ndiko anakoisikia ile sauti ndogo ya utulivu. Nilikulia kanisani na habari hii nimeisikia nikiwa bado mtoto wa Sunday school, lakini mpangilio huo nilikuja kuuona nikiwa na umri wa miaka 41: usingizi, mkate, usingizi, mkate, halafu sauti.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kuchagua ni hili: umechoka wapi? Kuna aliyechoka mwili. Kuna aliyechoshwa na watu, mwili wake mzima lakini akisikia mlango unagongwa moyo unashuka. Na kuna aliyekauka rohoni ingawa analala vizuri na hana anayemsumbua. Hawa watatu hawatibiwi kwa dawa moja. Yupo na wa nne: halali hata akipata nafasi ya kulala, analia bila kujua sababu, hataki kula, anawaza kwamba afadhali asiwepo. Huyo asianze na alfajiri wala mafungo. Aende hospitali akaonane na daktari, na aombewe akiwa njiani kwenda huko.

Saa ya alfajiri

Hii ndiyo rahisi kuliko zote kwa gharama, na ndiyo yenye andiko ambalo kila mtu analijua. Marko 1:35 inasema Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Tunalolisahau ni usiku uliotangulia. Mistari miwili juu yake mji wote wa Kapernaumu ulikuwa umekusanyika mlangoni, wagonjwa wa kila namna. Asubuhi Simoni na wenzake wakamtafuta, walipomwona wakamwambia, "Watu wote wanakutafuta." Naye akasema twendeni mahali pengine. Hakurudi pale mlangoni. Mimi ningerudi, na ningeomba radhi kwa kuchelewa.

Kwa mtu aliyekauka rohoni, sijaona kinachoishinda saa hii. Moshi yenyewe inasaidia. Kabla ya saa moja asubuhi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa kawaida iko wazi, mawingu hayajaifunika, na ukikaa ukumbini umejifunga kanga mbili kwa baridi huhitaji kitu kingine. Nilipoanza nilijiwekea mambo mengi: kusoma sura tatu, kuandika kwenye daftari, kuwaombea watu kwa majina. Baada ya wiki mbili ikawa kazi nyingine ya asubuhi. Sasa nasoma mistari michache, mara nyingi Zaburi, naisoma mara tatu, nakaa kimya. Siku nyingine hakuna kinachotokea. Nakaa tu, kama mtu aliyeketi na mama yake jikoni asiyekuwa na la kusema.

Ubaya wake ni kwamba inaweza kuiba usingizi. Ukilala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri, umeuchukua muda wa mwili ukaupa roho, na mwili utaudai. Zaburi ya 127 inawaambia wanaoamka mapema na kukawia kwenda kulala kwamba wanajisumbua bure, kwa maana Yeye humpa mpenzi wake usingizi. Alfajiri njema huanzia jana yake usiku. Kwangu ilianza kufanya kazi siku nilipoamua simu izimwe saa tatu usiku na ilale kwenye droo ya cherehani, si chini ya mto.

Mama anayenyonyesha asijilazimishe. Vivyo hivyo nesi wa zamu ya usiku, mlinzi, na dereva anayeondoka na gari la kwanza. Kwa hao nusu saa ya mchana ni bora zaidi. Makanisa mengi ya Katoliki mjini utakuta mlango wazi siku za kazi. Mimi ni Mlutheri, nimeingia mara nyingi, nimeketi benchi la nyuma, na hakuna aliyewahi kuniuliza natoka usharika gani.

Siku nzima

Hapa nitakaa kidogo, maana njia hii niliiona kwa macho kabla sijaielewa.

Baba yangu ni Mpare wa Same, na shangazi yangu, dada yake baba, ni Msabato. Upareni Usabato una mizizi. Ni kule Giti, mwaka 1903, ambako wamisionari Wajerumani wa Kiadventista walianzisha kituo chao cha kwanza katika nchi hii. Likizo za shule nilikuwa napelekwa kwa shangazi, milimani kwenye mashamba ya tangawizi, na kila Ijumaa ilikuwa siku ya maandalio. Maji yanachotwa mapema na mapipa yanajazwa. Kuni zinapangwa. Nguo za kanisani zinapigwa pasi ya mkaa na kutundikwa. Chungu cha makande kinaiva tangu mchana, kinafunikwa, kinawekwa pembeni ya jiko. Uwanja unafagiliwa hadi unaonekana mistari ya ufagio. Jua linapokaribia kugusa mlima, shangazi anavua aproni, anaosha miguu, anatuita sebuleni, na tunaimba kuifungua Sabato. Kuanzia hapo hadi jua la Jumamosi lizame, hakuna jembe, hakuna kuuza, hakuna kuhesabu hela.

Nakumbuka wanunuzi wa tangawizi walipanda na gari Jumamosi, wametoka mbali, na bei ilikuwa nzuri. Shangazi aliwakaribisha, akawapa makande na maji ya kunywa, akawaambia mzigo watauona kesho. Hakueleza sana na hakuomba radhi. Mmoja alinung'unika. Wakalala mjini, Jumapili asubuhi wakarudi.

Kuna jambo lingine la kule. Maji ya mashamba hukusanywa kwenye ndiva, bwawa la udongo na mawe lililojengwa juu ya mashamba. Chemchemi nyingi ni ndogo. Ukiyaacha maji yatiririke mchana na usiku yananywewa na mfereji njiani na shamba la chini halipati kitu. Kwa hiyo jioni tundu la ndiva linazibwa, maji yanajikusanya usiku kucha, asubuhi linafunguliwa na maji yanatoka kwa nguvu ya kufika hadi kwa mtu wa mwisho. Mwenye zamu asiyeziba jioni anawadhulumu walio chini yake. Nilipokaa mbele ya ile blauzi ya bluu, ni ndiva iliyonijia. Tundu langu lilikuwa wazi tangu mwezi wa nane.

Sitaingia kwenye mjadala wa siku ipi ndiyo Sabato. Shangazi nami tumeshalizungumza vya kutosha. Ninachosema ni kwamba siku nzima ina faida ambayo saa moja haina: inaupumzisha mwili, nyumba, na biashara kwa pamoja, na watoto wanaiona. Kwa mtu aliyejiajiri, fundi, mwenye duka au mama ntilie, naiweka juu ya njia zote. Sisi hatuna bosi wa kutuambia twende nyumbani.

Ugumu wake kwa sisi wa Jumapili uko wazi. Kwa anayetumika kanisani Jumapili ni siku ya kazi. Kwaya inaimba ibada ya kwanza na ya pili, kisha kuna mnada wa ndizi na mayai waliyotoa washarika, kisha kamati ya kipaimara, kisha kikao cha harusi "kifupi" kinachoisha saa kumi na moja jioni. Ukiwa katibu wa kwaya kama mimi, kuiita Jumapili siku ya mapumziko ni kujidanganya. Wachungaji wengi wamelitambua hilo, wanapumzika Jumatatu. Nami nikafanya hivyo: Sabato yangu inaanza Jumapili saa kumi jioni hadi Jumatatu saa kumi jioni. Jumatatu banda la ushonaji limefungwa. Miezi ya kwanza nilipoteza wateja kama wanne, nao sikuwapata tena. Nasema ukweli ili anayetaka kuifuata njia hii ajue ina bei.

Na kuna kipimo kimoja ambacho naomba kila mwenye nyumba akitumie. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati 5:14 inataja mwana, binti, mtumwa, mjakazi, hata ng'ombe na punda na mgeni, kisha inatoa sababu: ili mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike vilevile kama wewe. Niliposoma hivyo nilimtazama dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yake nzito kuliko zote: wageni baada ya ibada, pilau, vyombo, sare za shule za Jumatatu. Siku ambayo mimi napumzika kwa sababu yeye anafanya kazi mara mbili haikuwa Sabato ya nyumba yangu. Sasa tunapika Jumamosi na chakula kinapashwa moto, watoto wanaosha vyombo, na yeye baada ya ibada yuko huru hadi jioni. Mwezi wa kwanza alikaa tu chumbani, hakujua aende wapi. Siku hizi anaimba kwenye kwaya ya vijana.

Kama huwezi siku nzima, chukua nusu. Anayeuza sokoni Mbuyuni na kuishi kwa mauzo ya siku asipigwe kwa andiko. Yesu mwenyewe alisema Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu. Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi usiku, kila juma bila kukosa, inamfaa mtu kuliko siku nzima anayoipata mara moja kwa miezi mitatu.

Mafungo

Ndugu zetu Wakatoliki wametutangulia mbali katika hili. Wana mafungo ya mapadre na watawa kila mwaka, mafungo ya walei kipindi cha Kwaresima, na yale mazoezi ya kiroho ya Ignasi wa Loyola ya karne ya 16 ambayo kwa ukamilifu wake huchukua siku 30. Kwenye miteremko ya mlima huu na pande za Arusha zipo nyumba za watawa zinazopokea wageni wanaotaka siku chache za kimya. Nyumba nyingi hazidai uwe Mkatoliki. Unapiga simu, unauliza nafasi na gharama ya kitanda na chakula, na unasema ukweli kwamba unakuja kunyamaza.

Nilikwenda siku tatu, mwezi wa pili baada ya zile blauzi. Siku ya kwanza nililala. Nililala mchana, nikaamka kula, nikalala tena, na sista aliyenipokea hakushangaa hata kidogo. Siku ya pili ilikuwa mbaya. Mkono ulikuwa unajipeleka wenyewe mfukoni kutafuta simu niliyoiacha kwenye begi. Chakula tulikula kimya, watu kumi na moja meza moja, na nilisikia kila kijiko kikigusa sahani, nikasikia mtu wa tatu kutoka kwangu akitafuna maharage. Niliona aibu bila sababu. Mchana nikakasirika, nikawaza kurudi mjini. Siku ya tatu asubuhi, bustanini, nikajua kwa nini nilikuwa nimekasirika. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kati ya mazishi na arobaini sikuwa nimekaa peke yangu hata saa moja. Nililia kilio ambacho kilikuwa kinanidai.

Kwa hiyo mafungo naiona kuwa njia ya mtu mwenye msiba ambao haujaliliwa, mwenye uamuzi mkubwa mbele yake, na mtumishi aliyekauka hadi anahubiri kwa mazoea. Saa ya alfajiri haifiki chini namna ile, kwa sababu saa moja baadaye unachemsha chai ya watoto.

Bei yake ni pesa, ruhusa kazini, na mtu wa kukaa na watoto. Na tuseme lililo wazi: baba akiaga kwenda kuomba siku tatu anasifiwa, mama akiaga anaulizwa nyumba inabaki na nani. Mume wangu alibaki. Alipika ugali na mboga ileile siku tatu mfululizo, watoto wakala, na sasa mwezi wa saba ni zamu yake yeye kwenda.

Angalieni jina lisiwachanganye. Kuna yanayoitwa mafungo, basi limekodishwa, spika zimefungwa, na ratiba inaanza saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku, kipindi kwa kipindi. Hiyo ni semina. Semina ina faida zake, lakini mtu aliyechoshwa na watu atarudi amechoka zaidi. Kabla ya kulipa, omba ratiba uhesabu: ni saa ngapi kwa siku ambapo hakuna anayesema na kipaza sauti? Kama ni chini ya nne, tafuta pengine.

Huwa tunaogopa pia neno lenyewe, kuwa peke yako. Huku kwetu anayekaa peke yake anaulizwa amenuna au anaumwa. Upweke ni kitu kimoja na faragha ni kingine. Mpweke hana wa kurudi kwake. Biblia yetu katika Marko 6:31 imetumia neno faragha: njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo. Sababu iliyotolewa ni ya kawaida kabisa: watu walikuwa wengi, wakija, wakienda, hata haikuwapo nafasi ya kula.

Kinachozifanya zote tatu zishindwe

Nilirudi kutoka mafungoni Jumapili nikiwa mwepesi. Alhamisi ya juma lilelile nilikuwa nashona saa sita usiku. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tatizo langu halikuwa ukosefu wa mahali pa kimya. Nilikuwa sijui kukataa, na mtu asiyejua kukataa hata ukimpeleka mafungoni kila mwezi atarudi kwenye mlango uleule uliojaa watu.

Musa aliambiwa hili na mkwewe. Katika Kutoka 18 Yethro anamtazama akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, kisha anamwambia jambo hilo si jema, utadhoofika wewe pamoja na watu hawa. Na hao watu tusiwaruke. Waliosimama foleni siku nzima nao walikuwa wanachoka, kwa sababu mtu mmoja hakutaka kugawana kazi. Kwaya yetu ilikuwa na washonaji watatu na kila sare nilishona mimi.

Paulo anatupa namna ya kutenganisha. Wagalatia 6:2 inasema mchukuliane mizigo. Mistari mitatu mbele anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Mzigo ni ule unaomzidi mtu: msiba, ugonjwa, nyumba iliyoungua. Furushi ni la mtu na safari yake. Msiba siukatai, hata ukiangukia Jumatatu. Wala Yesu, katika Marko 6 ileile, hakuukataa umati uliomtangulia yeye na wanafunzi wake kule faraghani walikokuwa wanakwenda. Aliwahurumia, akawafundisha, akawalisha. Lakini endeleeni kusoma: baada ya chakula aliwatanguliza wanafunzi kwa mashua, akaagana na watu, akaenda mlimani kuomba. Pumziko liliahirishwa kwa masaa, halikufutwa. Sherehe ya kuagwa bibi harusi yenye vikao tisa si mzigo wa Wagalatia 6:2. Nachangia, naenda siku yenyewe, na kamati naingia moja tu kwa mwaka.

Sasa neno kwa mafundi wenzangu na kwa yeyote mwenye tabia hii. Sisi hatukatai, tunaahidi. "Njoo Ijumaa." Ijumaa, "njoo kesho asubuhi." Tunasema tuko njiani na bado tuko kitandani, tunasema mtandao ulisumbua. Nilikuwa nadhani huo ni upole. Ni uongo, na mteja anaurudia njiani akiwa amelipa nauli mara tatu. Ndiyo, ndiyo, siyo, siyo, ndivyo alivyoagiza Bwana katika Mathayo 5:37, na anayelishika neno hilo ameshaweka mpaka wake wa kwanza bila kusoma kitabu chochote.

Heshima haipotei katika kukataa. Mwenyekiti wetu wa kwaya ni mzee wa kunizaa. Mwaka jana aliponiletea oda ya Krismasi nilimjibu hivi: "Shikamoo baba. Nimeipokea. Kwa muda uliobaki naweza blauzi kumi na mbili, na zitakuwa tayari Ijumaa mchana. Zilizobaki, wapo mafundi wawili kwenye kwaya yetu, nimeshaongea nao, wako tayari. Jumatatu sipatikani kwenye simu, Jumanne saa mbili asubuhi nitakupigia." Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Marahaba, katibu. Kumbe wale nao wanashona?"

Uanzie wapi

Aliyekauka rohoni aanze na alfajiri, dakika ishirini, baada ya kuhakikisha usingizi wake. Aliyechoka mwili, hasa aliyejiajiri, aanze na siku au nusu siku, na asiongeze ibada yoyote ndani yake kwa miezi miwili: alale, ale, atembee msitu wa Rau na watoto. Aliyechoshwa na watu aanze na mpaka mmoja, kundi moja la simu au kamati moja, kabla hajalipia mafungo popote. Mwenye jeraha la zamani aende mafungoni, na akubaliane kabla na mchungaji, padre au sista mmoja wa kuzungumza naye akitoka. Anayetaka zote tatu kwa mpigo namsihi asifanye hivyo. Nilijaribu, nikamaliza wiki tatu tu.

Mimi nimebaki na siku yangu ya Jumapili jioni hadi Jumatatu, alfajiri tatu au nne kwa wiki, na mafungo mara moja kwa mwaka. Zile blauzi kumi na mbili zilikwisha Alhamisi. Shangazi hakubaliani nami kuhusu siku, na ataendelea kuniambia hivyo. Lakini kila Jumapili kama saa tisa alasiri, kabla sijaiweka simu kwenye droo, hunipigia kutoka Same. Namwamkia, ananiitikia, kisha anauliza neno lilelile alilokuwa akiuliza kila Ijumaa nilipokuwa mtoto, jua likikaribia mlima: "Mwanangu, umeshapika?"